Dudu la Bomba na Mbuzi wa Jumamosi

Benchi ni langu. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa Sultan Hamud wanalikalia kana kwamba waliachiwa na marehemu baba zao. Nililitengeneza mwenyewe kwa taruma kuukuu la reli, nikaliweka mbele ya kibanda changu ili mtu akiniletea baiskeli aketi nikiziba pancha. Wenye pancha husimama. Wanaokaa ni wale wale watatu, na vikombe vyao vya kahawa ya tangawizi kutoka kioski cha Kaluki hapo kando. Na tangu Wahome, mtu wa Nyeri, alete video mwaka huu wa themanini na nane, habari za ng'ombe na mvua zimekwisha. Kila Jumapili baada ya kanisa ni sinema, sinema, sinema. Mimi naitwa Muli, lakini hapo benchini wananiita Spoku, na bado sijalizoea jina hilo.

Niwataje hao watatu mwajue. Wa kwanza ni mzee Nzomo, aliyestaafu kutoka reli. Tunamwita Taa Nyekundu kwa sababu hakuna hadithi anayoiacha ipite bila kuisimamisha. Wa pili ni Jonah, Nusu Pasta, aliyeingia chuo cha Biblia mara mbili na kutoka mara mbili kabla hajamaliza. Video anaenda, anavyosema, kumpeleleza shetani. Wa tatu ni Mbuvi, dalali wa mbuzi. Kwa vile ana kisu cha kuhasi madume, alitaka aitwe Daktari, nasi tukachoka kumkatalia.

Sasa, Jumamosi mchana Wahome alionyesha kaseti mpya. Ukumbi wake ni stoo ya mabati nyuma ya maduka, madirisha ameyaziba kwa magunia, ndani ni giza tupu hata jua likiwa utosini. Yeye mwenyewe haingii. Anakaa nyuma na jenereta yake ambayo bila kusemezwa huzima. Mimi nilikuwa mlangoni nikilinda baiskeli za watu. Katikati ya sinema nikasikia mayowe ambayo sijayasikia tangu ng'ombe wa Mbuvi waingie kanisani. Mlango ukafunguka, watu wakamwagika. Nikaona nani ametoka, nani ametoka wa kwanza, na nani ametokea dirishani na gunia shingoni. Niliona yote. Lakini benchi lina heshima yake. Mtu anapokunywa kahawa yako humwambii ulimwona akikimbia.

Shida ni kwamba mmoja alionekana na soko zima. Muthama, fundi wa kushona, kijana mpole, hakusimama hapo nje kama wengine kujifanya amekuja kununua sukari. Alikata soko katikati, akaruka meza ya nyanya ya mama wa watu, akaenda mpaka ng'ambo ya reli. Na ndani ya ukumbi alikuwa amemwacha Kalunde.

Kalunde ndiye yule msichana wa kinu cha posho, anayepima mahindi, wa kwao Mbumbuni. Jumamosi ijayo Muthama alipaswa kupeleka kwa baba yake mbuzi watatu wa ntheo. Na kwetu Ukambani bila mbuzi wa ntheo hata ukifanya harusi ya keki ghorofa tano, wewe bado hujaoa, unatembeatembea tu. Mbuvi alikuwa ameshawapata mbuzi, wazuri, hakuna kilema. Lakini baba wa msichana alisema hawapokei mpaka binti yake atamke kwa mdomo wake. Kalunde naye akasema atatamka Jumapili, baada ya kanisa. Jumapili ndiyo hii. Na tangu jana hajamsemesha Muthama hata salamu.

Kwa hiyo Muthama alipokuja na suti yake ya kanisani akasimama karibu na benchi, uso umemshuka, wale wazee wangu wakasogeana wakampa nafasi. Nikadhani wanamwonea huruma.

Daktari: Kaa hapa, mwanariadha.

Taa Nyekundu: Muache akae pembeni. Akisikia kikombe kimeanguka asitukanyage.

Muthama: Wazee, jamani. Leo niacheni.

Daktari: Tukuache vipi? Mbuzi zangu ziko pale nyuma zimefungwa, zinakula majani yangu, zinangoja wewe uwe mwanaume.

Nusu Pasta: Mimi namsikitikia. Kijana alikosa maombi tu. Mimi nilikaa pale ndani, nikatazama ile kitu macho kwa macho.

Nikainama kwenye tairi langu ili nisionekane nikicheka. Nusu Pasta ndiye aliyetokea dirishani na gunia shingoni.

Taa Nyekundu: Hata mimi nilikaa. Nimefanya kazi na garimoshi za moto miaka yote, nitishwe na dudu la kioo?

Daktari: Mimi sikuinuka. Nilivua kiatu kimoja tu nimpige nacho.

Hilo la kiatu kimoja lilikuwa kweli. Kingine kilibaki ndani.

Kaluki akaleta birika akawamiminia, akaniuliza mimi.

Kaluki: Kwani hiyo sinema yenyewe ilikuwa ya nini hata watu wazima wararue magunia?

Wakaanza kumweleza wote pamoja. Nimeisikia sasa mara nyingi, nitaisema mimi ili ieleweke. Nyota inaanguka katika ziwa kule kwa wazungu. Ndani ya nyota mna dudu, na hilo dudu halina mwili, ni maji. Linaingia kwenye mabomba ya mji. Mzungu akifungua bomba asafishe meno, linatoka polepole kama uji, linamnywa yeye, linabakiza nguo tu pale chini. Suti, viatu, miwani, mwenyewe hayupo. Linakwenda nyumba hadi nyumba. Mwisho wanabaki watu wachache wamejifungia katika hoteli, na bomba la jikoni linaanza kudondoka. Tone. Tone. Hapo ndipo ndani ya ukumbi wa Wahome watu walipohisi maji.

Kaluki: Maji gani?

Taa Nyekundu: Maji, mama! Ya kweli! Baridi! Yalikuja chini gizani yakatugusa miguu.

Kaluki: Yalitoka wapi?

Daktari: Sasa hapo ndipo tunapotaka kufika.

Wakakaa vizuri. Nikajua hapa hakuna baiskeli itakayozibwa leo.

Taa Nyekundu: Ngoja niwaambie mimi mtu wa reli. Zamani garimoshi ilisimama hapa kunywa maji. Mhindi alitandaza mabomba chini ya mji huu wote. Mabomba yako huko chini mpaka leo, yamelala. Sasa ile video ilikuwa inapiga kelele ya bomba. Yale ya chini yakasikia mwenzao.

Daktari: Yakasikia?

Taa Nyekundu: Chuma inasikia chuma. Gari ikiwa Emali, reli ya hapa inajua.

Daktari: Mzee, hiyo ni reli. Maji haina masikio. Mimi nasema hivi. Ile dudu ni kupe. Inakunywa, inavimba, inashikilia. Mmeona vile ilijaa pale kwa sinki? Hiyo ni kupe ya mbinguni. Na kupe ikishiba sana, ukiibana inatoa maji. Wahome alijaza watu wengi sana mbele, wakaibana ile televisheni.

Kaluki: Wakabana picha?

Daktari: Mama, mimi nimetibu kupe, wewe umetibu nini?

Nusu Pasta alikuwa akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayengoja zamu yake aokoe kijiji.

Nusu Pasta: Hamjauliza kaseti ilitoka wapi. Nilimwuliza Wahome. Ilitoka Mombasa.

Taa Nyekundu: Na hata samaki hutoka Mombasa. Ehe?

Nusu Pasta: Mombasa ni wapi? Baharini. Kaseti imekaa kando ya bahari, kitu kimeingia. Kimepanda barabara mpaka Mtito, mpaka Makindu, kimenyamaza. Kimefika hapa kwetu watu wa nyika, watu hawajui kuogelea, kikasema, hapa.

Daktari: Aiya!

Nusu Pasta: Ndiyo. Mimi nilipohisi ule ubaridi nilisimama nikakemea. Nikasema, rudi ulikotoka! Na kikarudi. Hamkuona nyinyi kwa sababu mlikuwa mnaangalia picha.

Taa Nyekundu: Simama hapo. Taa nyekundu. Mimi nilikuwa nyuma yako, sikusikia mtu akikemea. Nilisikia mtu akiita mama yake.

Nusu Pasta: Huyo alikuwa Muthama.

Muthama alikuwa ameegemea ukuta wangu, anang'oa rangi kwa kucha.  Macho yake yalikuwa upande wa kinu cha posho, ingawa Jumapili kimefungwa.

Daktari: Tuseme pasta amekosea. Tuseme hakikurudi.

Taa Nyekundu: Kimo mjini?

Daktari: Kimo mjini. Kimetoka pale ukumbini jana, kikatambaa chini ya mlango. Sasa kinakaa wapi?

 Kaluki pia alikuwa ameketi sasa, kwenye kreti ya soda, birika mapajani.

Taa Nyekundu: Kinataka bomba.

Daktari: Ehe. Kinataka bomba. Kimeingia katika bomba la soko.

Taa Nyekundu: La soko lilikauka kabla ya Pasaka.

Daktari: Basi la hospitali.

Taa Nyekundu: Hilo lina mdomo tu, nyuma hakuna kitu. Lilifungwa siku mheshimiwa alipokuja kulifungua.

Kicheko kilitupiga wote, hata mimi spana ikaniponyoka. Haki ya nani, yule mzee.

Daktari: Wacheni mchezo! Maskini ya Mungu, hebu fikirieni. Dudu limekunywa mji mzima ya wazungu. Linakuja Ukambani, linaingia bomba, linapata buibui. Linaingia lingine, linapata kutu. Lina kiu! Linafanya nini?

Taa Nyekundu: Linafanya kama watu. Linachukua mtungi, linapanga foleni kioski ya maji.

Alisema kwa mzaha. Lakini Daktari akasimama kabisa.

Daktari: Umesema! Umesema, mzee! Linachukua sura ya mtu, linapanga foleni. Liko pale sasa hivi na mtungi wake!

Nusu Pasta: Na litajulikanaje?

Daktari: Ni mtu anayekunywa maji kupita kiasi. Nani hapa anakunywa maji sana?

Taa Nyekundu: Yule karani mgeni wa stesheni. Nilimwona akinywa glasi tatu, hajapumua.

Nusu Pasta: Na hajaja kanisani.

Kaluki: Karani ana homa ya malaria, nyinyi watu! Mimi ndiye niliyempa hayo maji!

Daktari: Na alikushukuru?

Kaluki: Alishukuru.

Daktari: Kwa Kikamba ama Kiswahili?

Kaluki: Kiswahili.

Daktari akawaangalia wenzake kwa huzuni, kama kesi imekwisha na karani ameshafungwa. Nami nikaona nisipomtetea yule mtu, kabla ya jioni watampeleka kwa chifu.

Mimi: Na mkimpima? Mtu wa maji hapimiki. Hapa tuna fundi wa kushona. Amfunge futi kiunoni, akiona kiuno kinahamahama, basi.

Nilisema hivyo ili kumwingiza Muthama katika maongezi, achangamke. Ilikuwa makosa.

Daktari: Huyu? Huyu amwendee dudu? Huyu aliyemwacha bibi yake ndani mdomoni mwa dudu?

Muthama: Bado si bibi yangu.

Daktari: Na hatakuwa! Na mbuzi nitawarudisha!

Muthama: Daktari, mimi najua. Unadhani sijui? Tangu jana sijala. Nilipofika ng'ambo ya reli ndipo nikakumbuka nilikuwa na mtu. Nikarudi mbio, nikakuta ameshatoka, amekwenda. Nikamwita barabarani, akaangalia mbele tu.

Alisema hayo polepole. Daktari akakaa chini.  Nilimwonea uchungu kijana. Ni yeye aliyenishonea koti la mazishi ya mama yangu akakesha nalo.

Hapo ndipo Kaluki akasema kwa sauti ya chini, anakuja.

Kalunde alikuwa anatoka upande wa kanisa, bado na kitambaa cheupe cha kwaya, na mgongoni amebeba mtungi wa plastiki wa manjano, kamba imepita kichwani vile mama zetu hubeba. Mtungi ulikuwa mtupu, unasikika ukigonga. Akafika, akautua hapo mbele ya benchi, akanyoosha mgongo. Wazee wangu walikunja miguu yao ndani kama wanafunzi.

Kalunde: Hamjambo wazee. Mama Kaluki, hujambo. Mzee Muli, shikamoo.

Tukaitikia. Kalunde hakumtaja Muthama, wala kumtazama. Muthama naye alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi.

Nusu Pasta: Msichana wangu, tumekuombea. Tulikuwa tunasema hapa vile sisi tulibaki na wewe ndani jana.

Kalunde: Mlibaki?

Daktari: Mpaka mwisho! Wote watatu.

Kalunde: Afadhali. Maana nimekuja na swali, na sikujua nitamwuliza nani.

Taa Nyekundu: Uliza, mami. Hapa kuna watu wazima.

Kalunde: Sinema iliishaje?

Basi. Hilo tu. Swali ambalo hata mtoto wa chekechea angejibu. Nikaweka spana chini kabisa, sikutaka kukosa hata neno.

Taa Nyekundu akakohoa. Akaangalia kikombe chake. Kilikuwa kitupu, lakini akakinywa.

Taa Nyekundu: Iliisha... iliisha vizuri. Walileta garimoshi. Garimoshi ikalinywa lile dudu, likawa mvuke, likatoka juu kwa bomba la moshi. Kwisha.

Daktari: Garimoshi gani, mzee? Hiyo ni nyingine. Walilitupia chumvi. Magunia na magunia ya chumvi. Likajikunja.

Nusu Pasta: Wote mmesahau. Alitokea mzee mmoja na kitabu cheusi, akasimama juu ya sinki...

Daktari: Hakuna mzee!

Nusu Pasta: Alikuwepo! Ana ndevu!

Taa Nyekundu: Labda alikuwa ndani ya garimoshi.

Kalunde alikuwa anawasikiliza mmoja mmoja, kichwa amekiinamisha, kwa adabu zote. Walipomaliza kugombana juu ya zile ndevu akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu jana akamtazama Muthama.

Kalunde: Na wewe, Muthama? Iliishaje?

Daktari akamkanyaga mguu, nilimwona. Akamnong'oneza, sema chumvi. Nusu Pasta naye anamwonyesha kidevu, ndevu, ndevu. Kijana wa watu akawaangalia, akaangalia kofia yake.

Muthama: Mimi sijui, Kalunde. Nilikimbia. Iliishaje mimi sikuona, nilikuwa nimeshavuka reli.

Kalunde: Ulikimbia sana.

Muthama: Sana. Niliogopa. Maji yaliponigusa niliona nguo zangu ziko chini peke yake. Sikukumbuka kitu kingine, na hilo ndilo linalonichoma. Si kukimbia.

 Kalunde akageukia wale watatu.

Kalunde: Wazee wangu, ile kaseti haina mwisho.

Taa Nyekundu: Haina...?

Kalunde: Haina. Wahome alipokwenda kupiga video ya harusi kwetu Mbumbuni, ya binamu yangu Syombua na Evanson, kaseti ilimwishia. Akachukua hiyo ya dudu, akapiga harusi juu yake. Bomba linadondoka, tone, tone, halafu ghafla ni kwaya yetu, na nyanya yangu anacheza.

Kaluki akaanza kucheka mpaka birika likatikisika. Na mimi nikaanza. Garimoshi! Chumvi! Mzee mwenye ndevu! Nusu Pasta alikuwa anachunguza kitu angani. Taa Nyekundu akafunika uso kwa kofia yake ya reli, na chini ya kofia nikasikia naye anacheka, mabega yanapanda na kushuka.

Daktari: Sasa... sasa na maji?

Kalunde: Maji yalikuwa yangu.

Akauinamisha mtungi ule wa manjano, akatuonyesha mdomo wake. Haukuwa na kizibo.

Kalunde: Nilitoka kioski ya maji, nimepanga foleni tangu alfajiri. Muthama akaniambia njoo kidogo tu tuone sinema. Ningeuacha wapi? Niliingia nao, nikauweka chini kati yetu, nimeuziba na gunzi la mahindi. Bomba la jikoni lilipoanza kudondoka, mtu akaruka akaupiga teke. Gunzi likatoka. Nikashika mtungi nisimamishe hayo yaliyobaki, nikainua kichwa, ukumbi mzima hakuna mtu. Viatu tu. Viko pale mpaka leo, Wahome amevipanga.

Daktari akaficha mguu mmoja.

Taa Nyekundu: Kwa hivyo wewe hukuogopa?

Kalunde: Niliogopa, mzee! Lakini maji ya siku nzima unaachaje yamwagike?

Kaluki akasema, hata mimi. Akasema hivyo mara ya pili, hata mimi, kwa sauti ya mtu ambaye amewahi kurudi nyumbani na mtungi mtupu.

Muthama akaacha kuizungusha kofia.

Muthama: Teke lilikuwa langu.

Kalunde: Najua. Ulikuwa umekaa upande huo.

Muthama: Na hukuniambia.

Kalunde: Nilikuwa na hasira, wewe! Nilipanga nije hapa leo, mbele ya hawa, niseme hapana. Nilijipangia na maneno. Nikitembea barabarani nayasema.

 Kule nyuma ya kibanda mbuzi mmoja wa Daktari akalia, na Daktari akamwambia nyamaza.

Kalunde: Lakini sikutoka pale mara moja. Nilikaa kidogo nikatazama ile harusi, peke yangu na mtungi wangu. Watu wote walikuwa kwenye chakula. Wahome alikuwa anapiga picha ovyo, mara mti, mara kuku. Halafu akapiga kando ya nyumba. Syombua alikuwa amekanyagwa gauni, limechanika nyuma mpaka juu, analia, na wewe umepiga magoti kwenye vumbi na hiyo hiyo suti, unamshonea kwa mkono. Pilau inaisha, watu wanaitana, wewe unashona. Ulikaa hapo mpaka ukamaliza. Hukutuambia. Hata Syombua hakusema, aliona haya.

Muthama: Alinikataza nisiseme.

Kalunde: Na hukusema. Nikaona, huyu mtu hukimbia dudu, lakini kwa kazi ya watu hakimbii. Hasira haikuisha lakini. Nikasema kesho nitamwuliza iliishaje. Akinidanganya kama wengine, basi.

Nusu Pasta akafungua mdomo. Taa Nyekundu akainua mkono wake ule wa kusimamisha magari, na kwa mara ya kwanza nikaona faida yake.

Kalunde akasukuma mtungi kwa mguu, taratibu, mpaka ukagusa kiatu cha Muthama.

Muthama aliutazama. Akavua koti la suti, akalitundika kwenye usukani wa baiskeli niliyokuwa nikiitengeneza, akakunja mikono ya shati. Nikamwambia chukua baiskeli yangu ufunge mtungi nyuma. Akasema hapana, ataubeba. Daktari akamwambia pale foleni ni wanawake watupu, na ni Jumapili, watamcheka mpaka Mbumbuni. Muthama akasema wacheke. Nilifurahi, nitasema ukweli. Nilifurahi kama ni mimi ninayeoa.

Kaluki alikuwa ameinua birika kuwamiminia tena. Likatoa tone moja, jingine, halafu hakuna.

Kaluki: Kahawa imeisha, na maji sina. Nyinyi watatu mliobaki mpaka mwisho, mitungi yangu iko nyuma ya kioski.

Walitazamana. Taa Nyekundu ndiye aliyeinuka wa kwanza, akipapasa magoti. Nusu Pasta akafuata, halafu Daktari, akichechemea kidogo kwa vile viatu alivyovaa havikuwa vya jozi moja. Benchi langu likabaki tupu, na sikumbuki lini niliona mbao zake mara ya mwisho.

Muthama alikuwa ameshatangulia, mtungi begani. Akafika karibu na duka la kona, akasimama, akageuka nyuma kama aliyesahau kitu.

Muthama: Kalunde! Na mbuzi je?

Kalunde alikuwa ameketi kwenye benchi langu, amelipakata koti la Muthama, miguu ameinyoosha.

Kalunde: Mbuzi ni Jumamosi, Muthama. Maji ni leo.